Kisima Huombwa Kabla ya Bajeti: Wiki ya Mbunge wa Singida

Ifikapo Mei, Singida iko shambani. Alizeti zimeinamisha vichwa, mtama unakatwa, magunia yanatafutwa. Ndipo swali huanza kuzunguka gulioni: mbona Mheshimiwa haonekani? Jibu ni kwamba yuko Dodoma, kilomita 240 hivi kutoka Singida mjini, kwenye Bunge la Bajeti linaloanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Mwananchi ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini ili aweze kumhukumu mbunge wake kwa haki, inafaa ajue kazi yenyewe ni ipi na inafanywa siku gani.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi: kuuliza mawaziri maswali, kujadili utendaji wa wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria na kuridhia mikataba. Barabara za vijijini hujengwa na TARURA, maji ya vijijini husimamiwa na RUWASA, walimu na waganga huajiriwa na Serikali. Mbunge hana mkandarasi wala hazina. Alichonacho ni sauti, na sauti hiyo ina ratiba yake.

Bunge linapoketi, kikao huanza saa 3:00 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya dua hufuata maswali. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, na jibu lake huandaliwa na wataalamu wa wizara. Kwa hiyo jibu hilo huwa limenyooka, na mara nyingi huishia kwenye maneno ambayo kila mfuatiliaji wa Bunge ameyazoea: kazi itafanyika "kadiri fedha zitakavyopatikana." Hapo ndipo mbunge aliyetembea jimboni anapojitenga na asiyetembea, kwa kuwa aliyeuliza hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Anayejua kwamba usanifu wa kisima umekwisha, kwamba pampu ndiyo inayosubiriwa, na kwamba kina mama bado wanachota kwenye korongo, huuliza swali lisilokwepeka. Jibu la waziri huingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata linaweza kufunguliwa mbele yake.

Alhamisi ni siku ya Waziri Mkuu kujibu maswali ya papo kwa hapo. Kwa watu wa Singida siku hiyo ina uzito wa pekee sasa, kwani tangu Novemba 2025 kiti hicho kinakaliwa na Dkt. Mwigulu Nchemba, aliyeingia bungeni mwaka 2010 kutoka Iramba, mkoani humu. Ibara ya 51 ya Katiba inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni. Kwa hiyo hata mkuu wa shughuli za Serikali bungeni ana kijiji kinachomngoja.

Baada ya maswali huja mjadala wa wizara moja baada ya nyingine. Mbunge hupata dakika chache tu, na kengele haimsubiri. Anayezimaliza kwa salamu na pongezi huketi kabla hajafika kwenye hoja. Silaha iliyo kali zaidi hubaki kwa hatua ya mwisho, Bunge linapokaa kama kamati kupitia mafungu ya fedha. Hapo mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kupendekeza mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja hadi apewe maelezo ya kutosha. Shilingi yenyewe haina thamani ya kununulia kitu, lakini inamlazimisha waziri asimame, aeleze, na wabunge wengine wachangie. Mara nyingi maelezo yakitoka shilingi hurudishwa, na ahadi inakuwa imeandikwa.

Kwa mkulima wa Singida, mambo haya yanafika hadi kwenye gunia. Ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje huamuliwa kwenye bajeti. Ukishushwa, mafuta ya nje hushuka bei, viwanda vya kukamua hununua alizeti kwa bei ndogo, na mkulima wa Ikungi au Mkalama hubaki na mzigo. Mbunge wa mkoa huu asiyeufuatilia Muswada wa Fedha mwezi Juni amemwacha mkulima wake peke yake msimu wa mavuno.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana kwenye televisheni. Kabla ya kila mkutano wa Bunge, kamati za kudumu hukaa kwa wiki kadhaa kuchambua bajeti na miswada na kukagua miradi. Mbunge anayefika kwenye kamati akiwa amesoma makabrasha huokoa fedha nyingi kuliko anayepiga kelele ukumbini.

Jioni ya Ijumaa magari hushika barabara ya magharibi, kupitia Bahi na Manyoni. Hapa Singida ina bahati: mbunge wa Manyoni anaweza kulala kwake usiku huohuo, jambo ambalo mwenzake wa Kagera hawezi hata kuliwazia. Lakini mkoa wenyewe ni mpana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2, na majimbo ni 8. Kwa wastani ni watu 250,000 hivi kwa jimbo. Jumamosi na Jumapili hazitoshi. Kuna msiba wa kuhani, harusi, harambee ya kanisa na ya msikiti, na foleni ya watu mlangoni wakiomba ada na nauli. Kumfariji mfiwa ni utu. Ila wikiendi ikiisha kwa michango pekee, hakuna aliyeuliza kisima kimefikia wapi.

Kazi kubwa ya jimboni iko kwenye halmashauri. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, linalopitisha mpango na bajeti ya wilaya. Pia ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha hizo hupitia halmashauri. Si za mfukoni mwake. Neno "kuchochea" lina maana yake: wananchi wakiinua boma la darasa au la zahanati kwa nguvu zao, mfuko unaweza kuleta mabati. Pasipo boma, hakuna cha kuezeka.

Na hapa ndipo wananchi wengi hupoteza haki yao bila kujua. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vipaumbele vya kijiji hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri, na vyote hivyo huwa vimekwisha Bunge la Bajeti linapoanza. Anayeomba kisima Mei, bajeti ikiwa mezani, kwa kweli anaomba cha mwaka unaofuata.

Jimbo lisilo na mbunge ukumbini hukosa sauti hii yote. Singida Mashariki inajua. Mbunge wake, Tundu Lissu, alipigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017 akapelekwa kutibiwa nje ya nchi, na Juni 28, 2019 Spika Job Ndugai akatangaza kiti chake kuwa wazi, akitaja kutohudhuria vikao na kutowasilisha tamko la mali. Mrithi wake, Miraji Mtaturu, aliapishwa Septemba mwaka huo. Tangu Lissu apigwe risasi hadi Mtaturu aapishwe, kwa karibu miaka miwili, vijiji vya Ikungi havikusikia mtu wao akisimama ukumbini.

Basi ndugu msomaji, mbunge wako akija, mwulize mambo matatu: ameuliza swali gani kuhusu kata yenu, amejibiwa nini, na amehudhuria vikao vingapi vya baraza la madiwani. Nawe ukiitwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mwaka haujaisha, nenda. Kisima chako huanzia hapo.