Kujaza Arei ya Pande Mbili katika Java

Amri int[][] alama = new int[3][4] haiundi jedwali. Inaunda arei nne: moja ya nje yenye nafasi tatu, na tatu za ndani, mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, zenye nafasi nne kila moja. Ile ya nje haibebi namba hata moja; inabeba anwani za zile za ndani, basi. Anayelishika hili hana haja ya kurudia swali lililokwisha kuchosha walimu: kwa nini alama za mwanafunzi mmoja zimeingia kwa wenzake wote?

Swali hilo huzaliwa na njia ya mkato ambayo wanafunzi hupokezana, kwamba vitanzi ni kujisumbua bure, Arrays.fill moja inatosha. Haitoshi. Wengine huandika Arrays.fill(alama, 0). Kompaila huipitisha, kwa kuwa sifuri hugeuzwa kuwa Integer, na Integer ni Object; programu ikiendeshwa, hukatika kwa ArrayStoreException, kwani arei ya nje hupokea int[] tu. Afadhali hiyo, maana kosa huonekana papo hapo. Tena sifuri yenyewe haikuhitajika: arei mpya ya int huwa na sifuri tayari.

Hatari kubwa iko katika Arrays.fill(alama, new int[4]). Hapa hakuna kinachokatika. Neno new hutekelezwa mara moja tu, kabla fill haijaanza kazi; huundwa arei moja ya ndani, na anwani yake hunakiliwa katika nafasi zote tatu. Programu ikiandika alama[0][2] = 78, basi alama[1][2] na alama[2][2] nazo husomeka 78, kwa sababu wanafunzi wote watatu wanatumia mstari mmoja. Mwenye programu hukesha akikagua hesabu zisizo na kosa lolote, ilhali angeuliza tu kama alama[0] == alama[1] angejibiwa true, na ubishi ukaisha. Wala hakuna kazi iliyookolewa: fill yenyewe ndani yake ni kitanzi cha for.

Njia sahihi ni fupi. Kitanzi cha nje hupeleka i kutoka 0 hadi kabla ya alama.length, cha ndani hupeleka j hadi kabla ya alama[i].length, na alama[i][j] hupewa thamani yake. Kikomo cha ndani kisiwe 4 wala alama[0].length, maana Java huruhusu mistari ya urefu tofauti. Thamani ikiwa moja kote, for (int[] mstari : alama) Arrays.fill(mstari, -1), hapo fill iko mahali pake. Kitanzi cha aina hiyo kikishuka hadi kwenye int mojamoja hakijazi kitu, kwani kigeu chake ni nakala. Tangu Java 8, Arrays.setAll(alama, i -> new int[4]) huunda mstari mpya kwa kila nafasi. Pande zikiwa tatu, huongezwa kitanzi cha tatu. Kukagua matokeo, Arrays.deepToString huonyesha namba zote, ilhali Arrays.toString ya kawaida huonyesha kwa kila mstari maandishi yanayoanza na [I@.