Kutengana si Kufarakana: Ndugu wa Chozi la Heri na Wenzao

Katika kusahihisha mitihani ya mwigo ambayo walimu wa Kisii na Nyamira huandaa kwa pamoja, kosa moja hujirudia kila mwaka katika majibu ya fasihi. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu kufarakana kwa ndugu, huandika kuhusu Umu, Dick na Mwaliko. Akiulizwa kuhusu kutengana kwa ndugu, huandika yale yale kwa mpangilio ule ule. Maneno hayo mawili ameyachukua kuwa pacha. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba si pacha, na kwamba mtahiniwa anayeyatofautisha husoma riwaya kwa jicho jingine kabisa. Chozi la Heri ya Assumpta Matei haitahiniwi tena, kwani Nguu za Jadi ya Clara Momanyi imechukua nafasi yake. Hata hivyo, suala la ndugu limo karibu katika kila kitabu teule, na mahali pema pa kulifunzia ni pale lilipoelezwa kwa upana.

Tuanze na lugha yenyewe. Watu hufarakana wenyewe. Kuna neno lililosemwa, mali iliyogombewa, au dharau iliyozidi, na kila upande una sehemu yake ya lawama. Kutengana kunaweza kutokea bila ugomvi wowote. Tena kitenzi hiki kina mnyambuliko ambao mtahiniwa anapaswa kuuchunguza: tenga, tengana, tengwa, tenganishwa. Umu na nduguze hawakufarakana. Walitenganishwa. Kauli ya kutendesha ikiungana na kauli ya kutendwa inatulazimu kuuliza swali moja: na nani?

Na nani, basi? Wengi hujibu: na Sauna. Ni kweli kwamba Sauna, mfanyakazi wa nyumbani, ndiye aliyewaiba Dick na Mwaliko. Lakini jibu hilo linaanzia katikati. Lunga Kiriri, baba yao, alifutwa kazi kwa sababu ya kupinga kuuziwa wananchi mahindi yaliyoharibika. Akageukia ukulima katika Msitu wa Mamba, akafurushwa huko pia. Mali ilipokwisha, Naomi, mkewe, akamwacha yeye na watoto. Lunga akafa. Kwa hivyo Sauna alipofungua mlango na kuwatoa wale wavulana wawili, nyumba ilikuwa imekwisha kubomolewa na watu ambao hawakuwahi kuingia ndani yake. Aidha, Sauna mwenyewe ni mtoto aliyeharibiwa na baba wa kambo, akaondoka kwao na kuangukia mikononi mwa Bi. Kangara anayefanya biashara ya watoto. Mwandishi hamwondolei hatia. Anatuonyesha tu kwamba anayewatenganisha ndugu wa wenzake naye alikuwa ametengwa na kwao. Mtahiniwa akiifuata njia hiyo kutoka kwenye mahindi hadi kwenye mlango wa nyumba, atakuwa amejibu swali la maudhui na la msuko kwa pamoja.

Linganisha sasa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, kitabu teule kilichoitangulia. Mtemi Nasaba Bora na Mwalimu Majisifu ni ndugu wa damu. Hakuna aliyewaiba. Wanaishi katika nchi moja, kila mmoja anajua nyumba ya mwenzake ilipo, na bado hawapatani. Huo ndio mfarakano. Majivuno ya madaraka kwa mmoja, na majivuno ya kalamu pamoja na ulevi kwa mwingine, vimejenga ukuta ambao hata watumishi wao, Amani na Imani, wanauona. Mtemi anaishia kujitia kitanzi. Kwa maoni yangu, hapa Walibora ni mkali kuliko Matei: ndugu walio karibu ndio wanaopotezana kabisa, ilhali waliotupwa mbalimbali ndio wanaopatana.

Sisi tuliofanya mtihani wakati wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed tunakumbuka sura ya tatu ya jambo hili. Maimuna alifungiwa ndani na babake Maksuudi, akatoroka, na akaishia kuwa mwimbaji mbele ya walevi. Mussa, kakake, naye akageuka dhidi ya baba. Kaka na dada hawakugombana wao kwa wao. Ufa ulianzia juu, kwa mzazi, ukateremka hadi kwa watoto. Jukwaa la Maimuna linampa jina na makofi, lakini halimrudishii nyumba. Mwanafunzi wa leo anayependa hadithi za familia za wasanii mashuhuri katika filamu na katuni atauelewa upesi mfano huu: anayeshangiliwa na umati huenda hana nduguye hata mmoja katika umati huo.

Turudi kwa Umu na wenzake, kwani hapo ndipo palipo na utata zaidi. Dick analazimishwa kuuza dawa za kulevya. Akikataa, anatishiwa. Anakua katika kazi hiyo, anasafiri nayo kwa ndege, na baadaye anajitoa na kuanzisha biashara yake halali. Umu naye anasaidiwa na Hazina, mtoto wa mtaani ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumsaidia, anapata makao, anaingia katika Shule ya Tangamano, na hatimaye Mwangeka na Apondi wanamchukua kuwa binti yao. Kisha Umu na Dick wanakutana katika uwanja wa ndege.

Nilipolifundisha tukio hili katika shule moja ya Nyamira, msichana mmoja anayetoka upande wa mpaka wa Borabu na Sotik, ambako nyumba ziliteketezwa na watu wakahama mapema mwaka wa 2008, aliuliza mbona ndugu hawa wanakutanishwa na bahati badala ya kutafutana. Darasa lilinyamaza. Si yeye pekee mwenye jamaa waliotawanyika wakati ule wakalelewa kwa shangazi na kwa nyanya katika wilaya tofauti. Swali hilo si la mtihani, lakini ni swali la kihakiki hasa, na jibu la "ni sadfa" halitoshi.

Tulilijibu hivi. Sadfa inaleta miili mahali pamoja, haipatanishi. Uwanja wa ndege ni mahali Dick alipokuwa akipitia na mzigo wa aibu. Angekutana na dadake siku zile, angemkumbatia au angegeuza uso? Mwandishi hakuruhusu wakutane hadi Dick alipokuwa ameiacha kazi ile. Mkutano ni wa bahati, lakini utayari wa kukutana haukuwa wa bahati. Ulikuwa uamuzi wa Dick mwenyewe, uliofanywa bila kujua kama kuna atakayemwona. Kwa hiyo mtahiniwa anapoandika kuhusu sadfa, asiishie kuitaja na kuitolea mfano. Aeleze ni mabadiliko gani ya mhusika yaliyoitangulia. Bila hayo sadfa ni udhaifu wa msuko, na wapo wahakiki wanaoweza kusema hivyo kuhusu riwaya hii. Mimi nakubaliana nao kwa kiasi fulani: bahati zimekuwa nyingi kuelekea mwisho.

Mojawapo ni ya Mwaliko, na hii naitetea. Mwaliko amechukuliwa na Mwangemi na mkewe Neema, waliompoteza mtoto wao Bahati kwa ugonjwa. Mwangemi ni binamuye Mwangeka. Kwetu Kisii na Nyamira wana wa ndugu huitana ndugu, na mwanafunzi hahitaji kuelezwa maana yake. Tangu siku walipopokelewa katika nyumba hizo mbili, Umu na Mwaliko walikuwa tayari ndugu kwa ukoo wa waliowalea, kabla hawajatambuana kuwa ndugu wa tumbo moja. Wanapokutana katika hoteli ya Majaliwa, damu inathibitisha tu kile ambacho malezi yalikuwa yamekwisha kukianzisha. Na nyumba ya Mwangeka yenyewe imeundwa na mabaki: yeye alimpoteza mkewe Lily na mtoto katika moto, Apondi alifiwa na mume wa kwanza na kuja na binti yake Sophie, kisha wakaja Umu na Dick. Hakuna aliyeingia humo akiwa mzima.

Hapo ndipo ninapowaomba walimu wenzangu tusiharakishe kusema kwamba ndugu hawa "wamepatana". Kupatana kunahitaji waliokosana. Hawa wameunganishwa tena. Anayehitaji kupatanishwa nao katika hadithi hii ni Naomi, aliyeondoka kwa hiari yake. Mtahiniwa akipewa swali la alama 20 kuhusu mfarakano katika Chozi la Heri, hoja zake zenye nguvu ziko kwa mama huyo na watoto wake, na kwa majirani waliogeukiana baada ya uchaguzi, kama wale walioichoma familia ya Ridhaa. Umu, Dick na Mwaliko aje nao baadaye, kama matokeo.

Kwa mazoezi, ninawapa wanafunzi wangu swali hili: "Ndugu waliotenganishwa ni rahisi kuunganishwa kuliko ndugu waliofarakana. Jadili ukirejelea riwaya mbili." Anayeorodhesha wahusika na kusimulia matukio simpi zaidi ya nusu ya alama. Anayeanza kwa kufafanua vitenzi viwili vya swali, akamweka Majisifu upande mmoja na Dick upande wa pili, na akaeleza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kurudi akakataa, huyo namsoma hadi mwisho bila kuinua kalamu nyekundu.