Kabla hamjashuka korongo la Marafa: hesabuni saa, maji na mawingu

Likizo ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu, kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Makadara, hujaa mabango ya safari za siku moja. Vijana wa siku hizi wamechoshwa na ufuo. Wanataka kushuka magenge na kupiga picha, na jina linalotajwa sana ni Marafa, kule Magarini, kaunti ya Kilifi.

Siwalaumu. Mahali penyewe ni pa ajabu. Ardhi imepasuka ikaacha kuta za mchanga ulioshindiliwa, tabaka juu ya tabaka: nyeupe, waridi, rangi ya chungwa, nyekundu. Wenyeji Wagiriama hupaita Nyari, yaani mahali palipovunjika penyewe, na husimulia habari za tajiri aliyekuwa na ng'ombe wengi hata watu wa nyumbani kwake wakioga kwa maziwa, mpaka Mungu akawadidimiza. Waongoza watalii nao hupaita "Jiko la Jehanamu". Jina hilo la pili ndilo linalonifanya niandike leo.

Bango moja nililotumiwa lilitaja pilau, soda na mpiga picha. Saa ya kushuka korongoni iliandikwa saa sita mchana. Kuhusu maji ya kunywa na mtu wa kuwaongoza, hakuna hata neno moja. Na waliolengwa ni watoto wa shule, wazazi wao wakiombwa watume pesa kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa.

Matembezi ya Marafa ni mafupi. Saa moja au moja na nusu yanatosha. Ufupi huo ndio unaowahadaa watu. Mtu husema, "Saa moja tu, nitabeba maji ya nini?" Lakini korongo lina hatari zake mbili, na zote mbili hazijali umefika mbali kiasi gani: joto na mafuriko.

Tuanze na joto. Sisi watu wa kisiwani tumezoea jua lenye upepo. Ukitembea Mji wa Kale saa saba mchana, vichochoro vina kivuli na upepo wa bahari unapita. Ndani ya korongo ni kinyume chake. Kuta huzuia upepo, mchanga hupokea jua na kulirudisha usoni, na saa sita mchana hakuna kivuli cha maana. Kushuka ni rahisi; kupanda kurudi ndiko kunakochosha, wakati mwili umeshapoteza maji. Mwenye presha, mwenye sukari, mjamzito na mtoto mdogo ndio wanaoumia kwanza. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mtu akianza kuropoka au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Hospitali kubwa ya karibu iko Malindi, na kutoka Marafa huko si karibu kama ramani ya simu inavyoonyesha.

Hatari ya pili ni maji. Wengi hushangaa: sehemu kavu vile, mafuriko yatoke wapi? Yatoke mbali. Ardhi kavu na ngumu hainywi mvua kubwa kwa haraka. Maji huteremka kwenye mifereji na kukutana bondeni. Aprili 2012, vijana saba wa kanisa moja la Nairobi walifariki waliposombwa na maji katika bonde la Hell's Gate, Naivasha. Septemba 2019, bonde hilo hilo likaua watalii wengine pamoja na kiongozi wao. Huko Arizona, Marekani, Agosti 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon kwa mvua iliyonyesha maili kadhaa kutoka walipokuwa. Marafa imefunuka zaidi kuliko mabonde hayo, lakini mifereji yake imechongwa na maji ya mvua vilevile. Isitoshe, mchanga wake ukilowa hulainika, na kingo za juu humeguka. Asiwepo mtoto wa kusimama ukingoni eti apigwe picha.

Basi mtu apange vipi? Mimi ningeanza na msimu. Masika, hasa Aprili na Mei, achaneni na korongo. Vuli nayo, Oktoba hadi Disemba, yataka tahadhari: tazama utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa siku mbili kabla na asubuhi ya safari, si wa Malindi tu bali na wa bara yake. Kaskazi ni kavu lakini joto lake ni kali. Kusi, Juni hadi Agosti, ndipo hali inapokuwa nafuu zaidi.

Kisha saa. Korongoni huingiwa asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na foleni ya Mtwapa mnaijua. Kisha mnavuka daraja la Sabaki, mnaiacha barabara kuu ya Garsen na kuingia bara. Mkiondoka kisiwani baada ya swala ya alfajiri, mtafika Marafa jua limeshapanda. Kwa hiyo asubuhi itumieni pengine. Magofu ya Gede yako njiani, chini ya miti yenye kivuli, na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Adhuhuri swalini na mle chakula Malindi. Msafiri wa umbali huo ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, na hilo linawafungulia jioni. Mwenye swali amuulize ustadhi wake kabla ya safari. Saa nane tokeni Malindi, saa kumi shukeni, saa kumi na moja na nusu kila mtu awe juu. Jua la jioni ndilo linalozipa zile kuta rangi zake, kwa hivyo hata mpiga picha hatapoteza kitu.

Gharama ya mpango huu ni kurudi usiku. Dereva awe amelala vya kutosha, au wawe wawili. Mkiweza kulala Malindi, ni bora zaidi.

Maji: mtu mzima abebe lita tatu kwa siku nzima, na angalau lita moja na nusu ashuke nayo. Tende na kitu chenye chumvi kidogo husaidia. Viatu viwe vya kufunga, si kandambili. Kina dada, buibui si tatizo likiwa jepesi na halikokoti chini. Chukueni kijana wa Marafa awaongoze na mlipe kiingilio bila kubishana. Pale ni kwao, na akisema leo hakushukiki, hakushukiki. Wala msichore majina kwenye kuta.

Najua atakayesema ajali haina kinga. Lakini Mtume (SAW) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola. Na manahodha wetu wa bandari ya kale hawakutweka tanga bila kutazama upepo.

Kwa hivyo mzazi, kabla hujatuma pesa, muulize mwenye bango: mtashuka saa ngapi? Nani atawaongoza? Kila mtoto ana maji kiasi gani? Nani ana orodha ya majina na namba za wazazi? Gari la dharura litakuwa wapi? Na mvua ikitanda, nani ana mamlaka ya kusema turudi? Akijibu yote, mpe mtoto tende na chupa za maji, umuombee dua. Akibabaika, pesa zako zibaki kwenye simu.