Tengenezeni Bustani ya Mboga Kabla ya Baridi



Hapa Igogwe mvua kubwa hupungua mwezi wa Mei. Juni na Julai huja baridi na ukungu, na ifikapo Septemba udongo umekauka. Wengi wetu huziacha bustani tukingojea mvua za Novemba. Ndizi zipo, maharage yapo, basi tunadhani chakula kinatosha.

Septemba moja alikuja zahanati mama mjamzito. Alichoka sana akipanda kilima, na moyo ulimwenda mbio. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Alikuwa na upungufu wa damu. Tulimwuliza anakula nini. Alijibu: ndizi, maharage na chai. Mboga za majani alizila mara ya mwisho Juni.

Malaria na minyoo hupunguza damu, lakini chakula kisicho na mboga nacho huchangia. Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Mwezi wa Mei, udongo ungali na unyevu, limeni matuta mawili karibu na nyumba. Changanyeni samadi iliyooza kabisa. Msitumie kinyesi cha watu, kina mayai ya minyoo.

2. Pandeni sukuma wiki, chainizi na karoti. Hizi huvumilia baridi. Mchicha hukua polepole wakati wa baridi. Msitegemee kabichi peke yake, kwa maana majani ya kijani kizito yana vitamini A nyingi zaidi.

3. Tandazeni majani makavu ya migomba ili unyevu usipotee. Mwagilieni maji yaliyooshea mboga. Jengeni ua, kuku wasiingie.

4. Majani ya maboga na ya kunde yaliyozidi yaanikeni kivulini. Jua kali huharibu vitamini A.

Mboga zipikwe kwa muda mfupi, na mafuta kidogo. Kuleni pamoja na papai au limau. Sisi ni wakulima wa chai, lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yanayotengeneza damu. Inyweni saa moja baada ya kula.

Mama yule alipewa vidonge vya kuongeza damu. Mboga hazichukui nafasi ya vidonge hivyo. Akina mama wajawazito, nendeni kliniki mapema. Akina baba, shikeni jembe mwezi wa Mei. Kazi ya bustani si ya mama peke yake.