Akikataa Kazi, Akatwe Posho?

Miaka michache iliyopita, kamati ya zaka ya msikiti mmoja katika mji wa pwani ilifuta jina la baba wa watoto wanne kutoka katika orodha ya wanaopewa. Sababu ilionekana wazi. Mfanyabiashara wa nafaka, muumini wa msikiti huohuo, alikuwa ametoa nafasi ya kupakua magunia ghalani kwake kwa ujira wa kila siku, na kijana yule mwenye kifua kipana na sauti nzito akaikataa. Hakutoa maelezo yoyote zaidi ya kusema kuwa kazi ile haiwezi. Kikao kilifanyika baada ya Isha na hakikuzidi dakika kumi. Mwandishi wa makala haya alikuwamo, naye alinyoosha mkono pamoja na wenzake.

Jambo tulilolimaliza kwa dakika kumi, mataifa tajiri yamelitungia sheria ndefu, na mahakama zao zimelisikiliza kwa miaka. Katika nchi ambazo serikali humlipa posho mtu asiye na kazi, posho hiyo ina masharti: ajitafutie kazi, na akiletewa kazi inayomfaa asiikatae bila sababu ya msingi. Akiikataa, hukatwa. Ugumu hauko katika kanuni hiyo, kwani kila mwenye akili timamu anaielewa. Ugumu uko katika kuamua ni kazi gani inayomfaa mtu fulani, ni sababu ipi ya msingi, na mkato ufikie wapi.

Kesi iliyoeleza ugumu huo kuliko nyingine ilitokea Ujerumani. Mtu mmoja wa mji wa Erfurt, mwenye mafunzo ya kazi za ghala, aliletewa kazi ya ghala akaikataa. Alisema anataka kazi ya mauzo. Posho yake wakati huo ilikuwa euro 391 kwa mwezi. Ofisi ya kazi ikamkata asilimia 30, yaani euro 117.30, kwa miezi 3. Baadaye akapewa hati ya kwenda kufanya kazi ya majaribio, asiitumie, na mkato ukapanda hadi asilimia 60. Akaenda mahakamani katika mji wa Gotha. Majaji wa huko walitilia shaka sheria yenyewe, wakaipeleka mbele ya Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliyopo Karlsruhe.

Hukumu ilitoka tarehe 5 Novemba 2019. Mahakama ilikubali kwamba dola ina haki ya kumdai mwananchi ajitahidi kujitoa katika uhitaji, na kwamba mkato wa asilimia 30 unaweza kuwa halali. Lakini mikato ya asilimia 60 na ya posho nzima, kwa namna ilivyokuwa katika sheria ile, ilitamkwa kuwa inapingana na Katiba. Hoja ilikuwa kwamba heshima ya mwanadamu hailipwi kama ujira wa tabia njema. Hata mwenye mwenendo wa kuchukiza anabaki nayo, na kiwango cha chini cha kujikimu kinatokana na heshima hiyo. Majaji wakakataa pia muda wa miezi 3 usiobadilika: mtu akishakubali kutimiza anachodaiwa, kwa nini aendelee kuadhibiwa? Tena waligundua kwamba serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa mikato mikubwa huwarudisha watu kazini.

Hata hivyo, na hapa ndipo wengi wanaoisifu hukumu hiyo huacha kusoma, mahakama haikumfungulia mvivu mlango. Ilisema kwamba mtu ambaye kazi halisi, inayomfaa na yenye ujira wa kumtosha ipo mbele yake, naye akaikataa kwa makusudi bila sababu ya msingi, huyo anao uwezo wa kujikimu kwa mkono wake mwenyewe, na kumnyima posho nzima kunaweza kuwa na hoja. Machi 2024 Ujerumani ikapitisha sheria kwa msingi huo: mwenye kukataa kazi kwa ukaidi, akiwa ameshakatwa kabla, aliweza kunyimwa fedha za matumizi kwa muda usiozidi miezi 2, ila kodi ya nyumba iliendelea kulipwa.

Msomaji aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, atashangaa kuona jinsi maneno hayo yanavyokaribiana na yale ambayo wanazuoni wameyajadili kwa karne nyingi. Imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba watu wawili walimwendea Mtume (s.a.w.) katika Hija ya kuaga, naye akigawa sadaka, wakaomba. Akawatazama juu na chini, akaona ni wenye nguvu. Akawaambia kuwa akitaka kuwapa angewapa, lakini tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Tuangalie namna alivyolisema. Aliwaeleza hukumu, akawaachia wao wenyewe, wanaojua hali zao, wajipime.

Imamu Nawawi, katika kitabu chake al-Majmuu, ameieleza kanuni hiyo kwa undani ambao kamati zetu nyingi haziufikii. Uwezo wa kuchuma humzuia mtu kupokea zaka pale tu chumo hilo linapomfaa kwa hali yake na heshima yake. Mwenye nguvu asiyepata wa kumwajiri, zaka ni halali kwake, kwa maana nguvu bila kazi haijazi chungu. Anayejishughulisha na elimu ya sheria, ambaye kuchuma kungemkatiza masomo, hupewa. Ama anayeacha kazi ili akae msikitini kwa sala za sunna, huyo hapewi! Wapo watakaoisoma mara mbili sentensi hiyo.

Kwa ndugu zetu waliohamia Uingereza, mjadala huu ni wa mkate wa kila siku. Familia nyingi zenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki zinaishi London na Leicester, na wapo humo wanaoipokea posho ya serikali kati ya kazi moja na nyingine. Sheria ya mwaka 2012 iliruhusu mkato wa hadi miaka 3 kwa aliyerudia kosa la kukataa kazi. Mwaka 2019 serikali ya huko iliufuta muda huo, na sasa kosa la kwanza ni siku 91, na kurudia ndani ya mwaka mmoja ni siku 182. Kinachokatwa ni fungu la mtu mzima. Fungu la watoto na la kodi ya nyumba havikusudiwi, na mume na mke wakipokea pamoja hukatwa nusu ya yule aliyekosa. Haya ni mahesabu ya karatasi. Mama wa nyumba hana chungu cha mkosaji na chungu cha asiye na kosa.

Mwamuzi wa mkato, kwa kawaida, si yule afisa anayekutana na mtafuta kazi ana kwa ana. Ni mtu mwingine, anayesoma maelezo yaliyoandikwa. Kwa hiyo lisiloandikwa halipo. Mzazi mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja, anayebeba jukumu kuu la kumlea, hatakiwi kutafuta kazi, na masharti huongezeka kadiri mtoto anavyokua. Lakini asiyetaja mabadiliko ya malezi nyumbani mwake atahesabiwa kama asiye na udhuru. Safari ya zaidi ya dakika 90 kwenda, na kiasi hicho kurudi, huwa nje ya mipaka ya kawaida. Mwenye taaluma anaweza kuruhusiwa kutafuta kazi ya fani yake kwanza, ila muda huo ulipunguzwa mwaka 2022 kutoka miezi 3 hadi wiki 4.

Na dini je? Kanuni za mwaka 1996 za posho ya watafuta kazi zilimruhusu mtu kuweka mpaka kwa sababu ya imani anayoishika kwa dhati, mradi abaki na matumaini ya kweli ya kupata kazi. Muislamu asiyetaka kuuza pombe alikuwa na pa kusimama. Asiyetaka kuuza pombe, wala kufanya kazi usiku, wala mbali na nyumbani, wala chini ya msimamizi fulani, huyo ameziba njia zote, na si haki kuisingizia dini yale matatu ya mwisho. Ushauri wa wenye uzoefu ni kuutaja mpaka huo siku ya kwanza ya mahojiano, kabla ya kazi kuletwa, kwani udhuru unaotajwa baada ya kukataa hunukia kisingizio hata ukiwa wa kweli. Anayeona ameonewa ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na ukibaki vilevile anaweza kukata rufaa mbele ya baraza huru.

Turudi kwenye Sunan Abu Daud, kwa habari ya Anas bin Malik (r.a.). Mtu wa Ansari alikuja kuomba. Mtume (s.a.w.) hakuanza na adhabu, alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko na bakuli. Vikaletwa, vikanadiwa mbele ya watu, bei ikapanda kutoka dirhamu moja hadi mbili. Moja ikawa chakula cha familia yake, na ya pili akaagizwa anunue shoka. Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akate kuni na asionekane kwa siku 15. Alirudi na dirhamu 10. Chakula cha watoto kilinunuliwa kabla ya shoka, na kazi ilichaguliwa baada ya kuulizwa.

Sisi hatukuuliza. Miezi miwili baada ya kikao chetu, mke wa kijana yule alikuja kwa imamu na karatasi ya hospitali. Mumewe alikuwa na ngiri, na daktari alikuwa amemkataza kunyanyua vizito hadi apasuliwe. Alikuwa ameona haya kulitaja jambo hilo mbele ya wanaume saba, wawili kati yao wakwe zake. Katika miezi hiyo miwili mtoto wa kwanza alikuwa ameacha kwenda madrasa, kwa kuwa ada haikulipwa na mama hakutaka aitwe mbele za wenzake.

Jina lilirudishwa juma hilohilo, na mzee mmoja wa kamati akagharimia upasuaji. Fomu yetu sasa ina ukurasa wa maelezo ya mwombaji, na anayekataa kazi huonana kwanza na mtu mmoja tu, faraghani, kabla kamati haijakaa. Mwaka jana tulimfuta mtu mwingine kwa utaratibu huo. Aliulizwa mara tatu, akajibu mara tatu kwamba kazi ya duka inamchosha, na alikuwa mzima wa afya. Mkewe na watoto wake tuliwaacha katika orodha kwa jina la mke.