Refa na Jezi Yake: Kufungwa kwa Mitandao Kulivyoonekana Kutoka Tunduma

Dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka wa Tunduma mara nyingi hutembea na laini mbili, moja ya Tanzania, nyingine ya Zambia. Mawimbi hayagongewi muhuri mpakani. Karibu na geti, simu hushika minara ya Nakonde, upande wa Zambia, mwenyewe akiwa bado Songwe, Tanzania. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, laini ya Tanzania ilikosa intaneti. Huduma ilikatwa nchi nzima, ghasia zikaikumba miji kadhaa, Tunduma ikiwamo, na mtandao ukaanza kurejea Novemba 3. Kwa mji unaoishi kwa bei ya kwacha ya saa hiyo, hati za forodha na ujumbe mfupi wa “mzigo umevuka”, siku tano ni nyingi mno.

Nakonde nako walishaonja. Agosti 12, 2021, Zambia ikipiga kura, WhatsApp na mitandao mingine ilizibwa. Shirika la kiraia la Chapter One Foundation likakimbilia Mahakama Kuu, na siku iliyofuata mahakama ikaamuru ifunguliwe, kura zikiwa bado zinahesabiwa.

Kwetu Tanzania, kipenga cha kusimamisha mchezo kipo mkononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 iwe refa wa sekta nzima. Mwenyekiti wa bodi yake huteuliwa na Rais. Hilo peke yake halithibitishi upendeleo, maana mteule anaweza kutenda haki. Kalenda ndiyo inayosema zaidi. Kampeni zilifunguliwa Agosti 28, 2025. Septemba 6, leseni ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums ikasitishwa kwa siku 90, kwa madai ya kuchapisha maudhui ya kupotosha na kumdhalilisha Rais, ambaye wakati huo alikuwa pia mgombea. Ukizihesabu siku hizo utafika Desemba, kura zimeshapigwa na mshindi ameshaapishwa. Mtandao wa X nao ulikuwa haupatikani tangu Mei, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa; baadaye Serikali ikaeleza kuwa tatizo ni picha za ngono.

Kampuni za mitandao nazo hudai hazina chama. Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti ilizozihusisha na Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Uganda, siku chache kabla ya uchaguzi. Rais Museveni akaituhumu kuwa imechagua upande, akaifungia. Mwananchi wa kawaida wa Kampala, ambaye hakuwamo katika ugomvi huo, akabaki hana Facebook.

Ugonjwa wa refa kuvaa jezi ya timu moja hauko juu tu. Makundi mengi ya WhatsApp ya mtaani hufunguliwa kwa onyo la “hapa si pa siasa”. Picha ya mkutano wa chama kimoja ikipita kimya, na ya chama kingine ikimtoa mtu kundini, onyo hilo limeshachagua chama.

TCRA ichapishe kila zuio: tarehe, kifungu cha sheria, aliyelalamika na muda wa kukata rufaa. Na zuio lolote linaloangukia ndani ya kampeni lipitie kwanza kwa jaji.