Tope la Tangi Linavyoua Samaki Alfajiri

Sheria ya Nairobi ya mwaka 2015 iliruhusu kilimo cha mjini, na tilapia hufugwa hata kwenye matangi ya nyuma ya nyumba. Mfugaji wa Dagoretti au Kangemi anayekuta samaki wakihema juu ya maji alfajiri asikimbilie dawa. Chakula kilichobaki na kinyesi hutuama chini, huoza, humaliza oksijeni na kutoa amonia. Mwani nao hutumia oksijeni usiku.

Nyonya tope kwa mpira kila wiki, ulimwagie sukuma wiki, si mtaroni. Usisugue kuta zikang'aa: utando ule mwembamba una bakteria wanaopunguza amonia. Maji ya mfereji yakae wazi juani siku moja au mbili kwanza. Klorini huua samaki na bakteria hao.